Mume Wetu Ndani ya Kompyuta

Walikuja na gari moja lakini hawakuwa kitu kimoja. Kijana alisomea mashine, dada alisomea watu, na mzee wa miwani alisomea maneno. Kijana akisema, "Bibi, ongea kawaida tu," mzee anadakia, "Hapana, aongee kama anavyoongea." Nikawaacha wabishane, mimi namenya viazi.

Walitoka chuo kikuu. Walikuwa wanakusanya sauti za watu wa huku Ushetu ili simu ijifunze Kiswahili chetu, mtu asiyejua kusoma aiulize dawa ya wadudu wa tumbaku, imjibu. Mimi sijasoma, hilo nililipenda. Ila kukaa mbele ya kinasa sauti nikisema "mwaka huu mvua si mbaya," nilichoka haraka.

Nikaanza mambo yangu ya kuigiza sauti za watu. Nikamtoa mwenyekiti wa kitongoji, yule anayesema "ndugu wananchi" hata akija kuomba chumvi. Nikamtoa mchimbaji aliyerudi kutoka Geita mikono mitupu: "Bibi, shimo langu limebakiza kidogo tu, dhahabu naisikia inanukia." Wakacheka. Watu wakicheka mimi huwa sijui kuacha. Nikamtoa na marehemu mume wangu, kwanza kikohozi chake kile cha vumbi la machimbo, halafu: "Ninyi wanawake, nani amefungulia ndama?"

Mke mwenzangu, yule mkubwa, alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mpunga. Ungo ukamwanguka.

Wasomi walipoondoka akanijia.

"Umemweka wapi?"

"Nani, dada?"

"Unamjua."

"Ilikuwa sauti yangu tu."

"Na kile kikohozi kilikuwa chako? Tulimzika, tukanyoa, tukamaliza. Sasa umempeleka mjini, vijana wawe wanambonyezabonyeza aongee. Atapumzika lini?"

Tangu hapo shikamoo yangu haikuitikiwa. Wajane wawili, mji mmoja, kila mtu na sufuria yake ya ugali. Nilidhani utani utayamaliza, nikamwigiza yeye mwenyewe anavyonuna, mdomo huu hivi. Hakucheka. Huyo mwanamke alishacheka utani wangu hata msibani. Hapo ndipo nikaogopa.

Nikawa sikai. Naosha sufuria ambayo ni safi. Natoka, nasahau nilichofuata, narudi.

Yule dada msomi aliacha namba ya ofisi yao. Alisema, "Bibi, ukitaka sauti yako itolewe, piga tu, hatuulizi sababu." Basi nikapanda kichuguu cha nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, ndipo mtandao unaposhika. Mke mwenzangu akanifuata. Nikapiga; akapokea kijana mwingine wa mashine, ambaye hakufika kwetu.

"Ya kwako naitoa sasa hivi, bibi. Ila hapa nina mwanamke mmoja na wanaume watatu. Huyo mzee mwenye kikohozi akatae mwenyewe. Si yupo hapo? Mpe simu."

Kumbe waliokaa huko mjini wanasikiliza wamemwandika mume wetu kuwa mkazi wa Ushetu, mzima.

Ningemwambia amekufa? Angeuliza nani basi alikohoa. Wangekuja tena na gari lao, wabishane mpaka mavuno. Nikamtazama mke mwenzangu. Akageuza uso, lakini hakuondoka.

Nikakohoa.

"Nani huyo?" nikasema, kwa ile sauti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo sauti yangu sitaki ikae huko. Itoe. Nimechoka."

"Sawa mzee, naitoa. Na hicho kikohozi, nenda hospitali."

"Nitakwenda."

Nilipokata simu mke mwenzangu alikuwa amekaa chini kwenye majani, mkono mdomoni. Nilidhani analia.

"Hajawahi kukataa kitu kwa upole hivyo," akasema. "Yule mtoto angetukanwa mpaka bibi yake."

"Nipige tena atukanwe?"

"Hebu kaa kwanza."

Nilishindwa kukaa. Mtu akikuambia ameitoa sauti, atakuonyesha nini? Hakuna kaburi, hakuna jivu. Jioni ile tulipika sufuria moja, na mpaka leo tunakula pamoja. Lakini simu ikilia, sote wawili tunaacha tonge, tunasubiri kwanza kusikia ni nani anayeongea.