Pedali ya Tatu

Mume wangu aliendesha malori miaka kumi na tisa, Mombasa mpaka Malaba na kurudi, na hakuna siku hata moja aliyonisamehe kwa kununua gari isiyo na klachi. Kwake hiyo haikuwa gari. Akiegesha mbele ya wanaume wenzake alikuwa anasema, "Hii ni ya mama," hata kabla hawajamuuliza, na wanacheka, na mimi niko hapo hapo kwa kiti cha mbele nikisikia.

Acha niseme sababu ya kununua otomatiki, maana watu wa hapa Eldoret wanapenda kudhani ni maringo. Niliteleza kwa ngazi za soko msimu wa mvua, goti langu la kushoto likavunjika, likawekwa chuma, na tangu siku hiyo halikunjiki ila kidogo tu. Mguu wa kulia ni mzima. Gari ya manual inataka miguu miwili: wa kulia kwa mafuta na breki, wa kushoto kwa klachi kila unapobadilisha gia. Otomatiki inataka mmoja. Mimi ninao mmoja. Nafuma sweta za shule kwa mashine, nyumbani Kapsoya, na sweta hazijipeleki shuleni. Kwa hivyo nikatafuta gari ndogo ya Japani, mitumba, nikailipia kwa jasho langu, logibuku, ile hati ya kumiliki gari, ikaandikwa jina langu, na nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka arobaini na sita.

Kwa miaka minne nilienda nilikotaka. Asubuhi napakia magunia ya sweta, naenda shule za Plateau, nazungukia Cheptiret, jioni niko nyumbani. Nikitaka kukaa kwa dada yangu mpaka giza linaingia, nakaa. Nikichoka na maneno ya chama chetu cha akina mama, naamka, nasema kwaherini, nawasha gari. Kama hujawahi kuishi ukingoja mtu mwingine aamue utatoka saa ngapi, huwezi kujua utamu wa hiyo kitu, na sitakueleza.

Na gari haikunisumbua. Oili ya injini, oili ya giaboksi, ile yake yenyewe iliyoandikwa kwa kitabu cha gari, si ile ya kupimwa kutoka kwa ndoo. Breki mara mbili. Basi. Jirani yetu mwenye pikapu ya manual aliweka klachi mpya mara mbili kwa hiyo miaka minne, na hakuna mtu alimwambia pikapu yake ni takataka. Manual ikiharibika watu wanasema pole. Otomatiki ikiharibika wanasema, "Si tulikuambia?"

Sasa, huyu mzee wangu aliacha malori mgongo ulipomkataa, na nikamruhusu kuchukua gari siku za Jumapili na Jumatano. Hapo ndipo nilijiponza. Madereva wa malori wana tabia moja, na wote wanayo, sijaona aliyepona: akifika mteremko anaweka fri. Yaani anatoa gia, injini inaacha kuvuta, lori linateremka kwa uzito wake, ati dizeli inabaki kwa tanki. Kwa lori lake sijui, si yangu. Lakini alikuja kufanya hivyo na otomatiki yangu. Kila mteremko anasukuma gia kwa fri, gari inatiririka, na tukifika chini, bado tunakimbia, anairudisha kwa gia kwa nguvu. Gari inaruka. Kitu kinagonga chini ya miguu yetu, kok! Nilikuwa nahisi hiyo kok kwa meno.

"Usiweke fri!" nilimwambia. "Hii si lori."

"Petroli unanunua wewe?"

"Ndiyo! Nanunua mimi!"

Ilikuwa kweli. Tulipofika mteremko uliofuata akaweka fri.

Na hakuchoka kunihubiria. Manual ikikufia porini, alisema, fundi yeyote chini ya mti anaifungua, anaweka klachi, jioni unalala kwako. Otomatiki ikikufa unaizika. Hapo sikuweza kumbishia sana. Kutengeneza manual ni rahisi, spea ziko kila duka la mjini, na mafundi wanaoijua ni wengi. Wanaoijua otomatiki ni wa kuhesabu, na wengine wanajifunzia kwa gari yako. Lakini yeye hakuwa anasema hayo ili nijihadhari. Alikuwa anaingojea ife.

Ikafa Jumatano. Alikuwa amekwenda kumsalimia rafiki yake Cheptiret, na wakati wa kurudi ikaanza kunuka, ikanguruma bila kusonga, ikasimama kando ya barabara. Akanipigia simu.

"Mama, gari yako imekufa."

Asubuhi alipoondoka nayo hakuniambia ni yangu.

Nilimwambia aiache hapo, atafute bredauni, ile lori ya kubeba gari mgongoni. Akaniambia niache kuharibu pesa. Akamsimamisha dereva mwenzake wa zamani, wakafunga kamba, wakaikokota mpaka mjini ikiwa kwa fri, magurudumu yakizunguka chini njia nzima. Alikuwa amefanya hivyo na manual maisha yake yote na hakuna kitu kilichoharibika, kwa hivyo hangeambiwa kitu na mwanamke anayefuma.

Fundi tuliyempelekea ni mtu mzima, mpole, mmoja wa wale wachache wanaoelewa otomatiki. Alifungua giaboksi chini, oili ikateremka kwa karai ikiwa nyeusi, ikinuka maharagwe yaliyoungua.

"Mzee, mliivuta na kamba?"

"Tuliivuta," mume wangu akasema, bila aibu yoyote.

Fundi alijipangusa mikono polepole. Akatueleza kwamba ndani ya otomatiki oili inatembea tu injini ikiwa imewaka. Ukiikokota injini imezimwa, vyuma vyote vinazunguka vikavu. "Ilikuwa mgonjwa," akasema. "Mkaiua njiani."

Mume wangu alitazama barabarani, ati kuna lori anamjua dereva wake.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kununua giaboksi nyingine ya otomatiki, iliyotolewa kwa gari ya Japani, bei yake ng'ombe wawili wazuri wa maziwa. Ya pili, kung'oa mambo yote ya otomatiki na kuweka giaboksi ya manual, na klachi yake. Fundi akasema watu wengi hapa wanafanya hivyo, bei inapungua zaidi ya nusu, na baadaye hawasumbuki tena na spea.

"Hapana," nikasema. "Fundi, niangalie. Mguu wangu huu hauwezi klachi. Ukiniwekea manual utakuwa umeninyang'anya gari. Ikae hapa. Shule zikifunguliwa nitalipwa sweta zangu, na nitakuletea pesa ya otomatiki. Isiguswe."

Fundi akasema sawa, mama. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nilimwona na macho yangu akiitikia.

Basi nilifuma. Desemba nzima watu wakila sikukuu mimi nilisukuma mashine, maruni na kijani, maruni na kijani, mpaka bega likavimba. Sikulalamika. Kila sweta niliyokunja niliona ni kipande cha giaboksi. Nilikuwa nimebakisha kidogo sana, shule moja tu inilipe, niende kwa fundi na kichwa juu.

Jumamosi moja nikasikia honi langoni. Honi ya gari yangu, naijua. Nikatoka na fimbo yangu ya kutembelea, karibu nianguke kwa haraka, na nikamkuta mume wangu ameketi ndani, kioo kimeteremshwa, meno yote nje. Mama jirani alishatoka na khanga kiunoni anapiga vigelegele. "Mama, bwana yako anakupenda!"

Kwa dakika moja hivi niliamini. Nakiri. Nilidhani amekopa mahali, amenimalizia. Nilifurahi mpaka nikamwita Baba watoto, jina ambalo sikuwa nimelitumia tangu siku ile ya kamba.

Akashuka, nikafungua mlango wa dereva niketi. Nikaangalia chini. Pedali zilikuwa tatu.

"Imekuwa gari sasa," akasema. "Nilimwambia fundi wewe umekubali, nikamlipa mimi. Hii haitakufa tena."

Niliketi. Nilijua, lakini niliketi. Niliubeba mguu wa kushoto kwa mikono miwili nikauweka juu ya klachi, nikasukuma. Goti likakataa. Nikasukuma na paja, nikasukuma na nyonga, maumivu yakapanda mpaka kiunoni, na klachi ikashuka robo ikarudi. Mama jirani akarudi kwake, akafunga mlango.

"Na mguu wangu?" nikamuuliza. "Ulisahau nina mguu gani?"

"Sasa unalia nini? Nitakuwa nakupeleka. Popote. Wewe sema tu."

Nimetukanwa maishani. Nimetukanwa sokoni na watu ambao matusi ndiyo kazi yao. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo la "nitakuwa nakupeleka", na alilisema akitabasamu, akingoja ahsante. Nilimchukia. Sisemi nilikasirika, nasema nilimchukia, kwa sababu hakuwa amesahau mguu. Aliukumbuka vizuri sana.

Akanipeleka wiki tatu. Saa mbili nikiwa tayari, yeye anakunywa chai ya pili. Saa nne napima mtoto wa watu sweta, yeye anapiga honi nje. Plateau ikawa mbali ghafla. "Kwani hawawezi kuja kuchukua?" Kwa dada yangu nilikaa nusu saa nikaambiwa giza linaingia, na jua lilikuwa bado juu ya mabati. Na njiani anaimba! Anabadilisha gia kwa madaha, mteremko ukifika anaweka fri, ananiangalia ati nione raha. Shule moja ikampa kazi mtu mwingine kwa sababu nilichelewa mara mbili. Nikamwambia. Akasema Mungu atafungua mlango mwingine.

Kuirudisha otomatiki, na yote yaliyong'olewa, kungekula ng'ombe wanne, na akiba yangu ya sweta haikufika wawili. Hapo nikampigia simu mama mmoja wa Cheptiret anayeuza vifaranga. Aliwahi kuniuliza kama nauza gari, halafu akakataa aliposikia ni otomatiki. Watu wengi upande huu wanaiogopa.

"Siku hizi ni manual," nikamwambia.

"Ai! Basi ilete niione."

Jumatatu nikamwambia mume wangu anipeleke Cheptiret kuona mteja. Alifurahi, ni barabara anayoipenda. Tulipofika, mama wa vifaranga akaizunguka gari, akagonga mlango, akamwuliza, "Mzee, gia inashika vizuri?"

Mzee wangu alikuwa amefunguliwa mlango wa maneno! Akamweleza yote. Kwamba hii zamani ilikuwa otomatiki, ugonjwa mtupu, sasa ni kitu cha maana. Kwamba klachi ikiisha baada ya miaka, ni mchana mmoja tu kwa fundi. Kwamba hata yeye mama anaweza kuitunza. Mama akaomba kujaribu, na mume wangu mwenyewe akampa ufunguo, akaketi kando yake, wakaenda mpaka petroli stesheni na kurudi. Nilisimama na fimbo yangu nikiwaangalia. Mama aliporudi akasema, "Klachi ni laini sana, kama siagi."

Tulikuwa tumekubaliana bei kwa simu. Akatuma pesa, nikasikia simu ikilia kwa mfuko wa sweta. Nikaingia kwa mtandao wa serikali wa kusajili magari, nikaandika nambari ya kitambulisho chake, nikabonyeza, gari ikatoka kwa jina langu.

"Nimeuza," nikamwambia mume wangu.

"Umeuza nini?"

"Gari."

"Gari yangu?"

Mama wa vifaranga akaangalia viatu vyake. Mimi sikuangalia chini. Nilimwacha alisikie mwenyewe neno alilosema, na nikaona limemfikia.

"Sasa mimi nitarudi nyumbani aje?"

"Utapelekwa," nikasema.

Nikaita bodaboda, nikapanda kiupande, mguu umenyooka mbele. Pesa zilizoingia, hata nikiongeza za sweta, hazinunui otomatiki nyingine, si leo wala mwaka huu, na nilijua hivyo kabla ya kubonyeza simu. Nilitamani kuangalia nyuma nione sura yake, lakini nyuma kulikuwa na gari pia. Nililia mpaka mjini, kwa kelele, mwenye bodaboda akiuliza mama kuna shida gani. Niliipenda sana hiyo gari.