Soksi za Mikononi mwa Mughli

Nyumbani kwa Mughli, katika uchochoro ulio nyuma ya daraja la pili la Srinagar, palikuwa na sheria moja: sufu ya mbuzi ikiwamo ndani, mafuta hayagusi mikono yake. Hata kitunguu alikaangiwa na wengine. Sheria hiyo alipewa na mama mkwe wake siku za uwali wake, alipokuwa hajui hata kukaa na kikapu cha makaa ya kuotea moto chini ya joho bila kujiunguza. "Msokotaji anayejipaka mafuta anasokota doa," alisema marehemu yule, na Mughli akalitunza neno lake kama amana, mpaka akawa mjane, mpaka nywele zikawa nyeupe.

Basi kila zilipoingia siku arobaini za baridi kuu, maji ya ziwa yakaganda na mabomba yakagoma, mikono yake ilipauka kama jivu, kisha ikachanika. Hakulalamika. Yako maumivu ambayo mtu huyarithi pamoja na sufuria na mazulia, wala haulizi ni ya kazi gani.

Lakini mwaka huu nyufa zilizidi, na sufu ya mwaka huu haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya shali ya Ufaira, mjukuu wake wa kwanza, atakayeolewa theluji ikiyeyuka. Mughli alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba uzi wote utatoka vidoleni mwake. Sasa bonge la mwisho lilikuwa mbele yake, mfumaji angekuja kesho kuchukua uzi, na kila alipozungusha gurudumu, uzi ulinasa kwenye nyufa za vidole ukakatika. Aliunga, ukakatika tena.

"Shoga, nipe mimi hilo bonge," alisema jirani yake Taja, msokotaji mwenzake, akipuliza chai yake ya chumvi. "Kwa mikono hiyo ungefaa kukwangua magamba ya samaki."

"Na kwa ulimi huo ungefaa kukata nyama. Kunywa chai yako uende."

Taja akacheka, akaenda, lakini aliahidi kurudi baada ya adhuhuri kuona kama mwenye kiapo amesalimu amri.

Rifat, mke wa kitinda mimba wa Mughli, alikuwa ameingia nyumba ile msimu wa vuli tu, kutoka kijiji cha milozi. Alikuja na chupa ya mafuta ya lozi katika vyombo vyake.

"Mama, nikupake kidogo tu. Utanawa."

"Mwanangu, kwenu mna lozi. Hapa tuna sufu."

Rifat akairudisha chupa mahali pake. Lakini baada ya wali wa mchana, Mughli alipopitiwa na usingizi kando ya makaa, mikono imelala mapajani kama ndege wawili wagonjwa, binti yule hakuvumilia. Alileta chupa. Akapaka polepole, ufa kwa ufa, kidole kwa kidole, kisha akaivisha mikono ile soksi nene za mumewe ili mafuta yazame.

Kilichomwamsha Mughli ni kicheko cha Taja mlangoni.

"Mughli! Tangu lini umekuwa paka?"

Mughli akatazama mikono yake. Akazivua soksi kwa meno. Vidole viling'aa.

"Rifat! Umeniua, mtoto wewe! Umeniua mchana kweupe!" Na kwa ile hamaki, akilikimbiza bonge la sufu lisije likaguswa na mkosaji, alilinyakua yeye mwenyewe kwa mikono yote miwili.

Kicheko cha Taja kikakatika. Alama za vidole zilikuwa pale juu ya weupe, nzito, za manjano. Rifat alianza kulia bila sauti.

Mughli alikaa. Aliitazama sufu ya shali ya Ufaira, akamtazama binti aliyesimama akifinya ncha ya mtandio, na akajiona yeye mwenyewe siku zile za uwali, na kikapu chake cha makaa kilichopinduka. Halafu macho yake yakaangukia bakuli la unga wa mchele.

Kila bonge la sufu huingia na shahamu ya mbuzi mwenyewe, na kila bonge yeye hulikanda kwa unga wa mchele mpaka shahamu inyonywe. Amefanya hivyo maisha yake yote.

"Lete bakuli," alisema.

Alikanda. Unga ukanywa mafuta ukageuka vijidonge, akakung'uta, akatia mwingine, akakanda tena. Doa likafifia, likaisha. Aliposimamisha mikono akaona kwamba unga ulikuwa umefanya kazi mbili. Vidole vilikuwa vikavu, havikuacha alama hata kwenye kikombe, lakini vilikuwa laini.

"Taja, shika hapa."

Taja akashika. "Yaa Mungu! Mkono wa bi harusi."

Mughli akazungusha gurudumu. Uzi ukapita vidoleni bila kunasa, mrefu, mwembamba, hadi jua likaegemea paa la msikiti na bonge likaisha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Taja alimnong'oneza Rifat.

Mughli alisikia, akajifanya hakusikia.

Kesho yake mfumaji alichukua uzi, akaupitisha kwenye midomo yake kuupima ulaini, kama wafanyavyo wafumaji, akasema hajaona uliolingana hivyo tangu vuli. Alipoondoka, Mughli alinyoosha miguu kando ya makaa. Ilikuwa bado asubuhi.

"Rifat," aliita, mikono imenyooshwa mbele. "Nina usingizi mimi. Soksi ziko wapi?"