Dereva wa Kilo Sitini

Kila Jumatatu mhandisi akiingia karakana hufungua mkanda wa suruali na kumpa mshonaji. "Dada, nitobolee tundu moja tu." Mshonaji huiweka kando sketi ya mpira, ile inayozunguka tumbo la chombo wanachokiunda na kuibana hewa ili kiinuke, akautoboa mkanda kwa chuma kilekile cha kutobolea sketi. Matundu yamefika saba. Moyoni hujisemea kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mashavu ya mhandisi yamebonyea, na sauti imekauka kwa kushindana na feni ya chombo, hata "asante" yake inakwaruza.

Chombo hicho ni cha kuvusha wagonjwa matopeni, ambako boti hukwama na gari huzama. Leo walikijaribu, mfuko wa mchanga umelazwa mahali pa mgonjwa, mhandisi yuko kwenye usukani. Feni ikanguruma, sketi ikajaa, chombo kikatikisika kama mzee anayetaka kusimama akaghairi. Mhandisi akashuka, akapiga magoti, akapitisha kiganja chini ya pindo kama afanyavyo siku zote. Palepale kikainuka. Akapanda, kikakaa tena chini. Akashuka tena. Alikwenda kwenye mchoro ukutani, akamgusa yule mtu mdogo aliyemchora kwa mkono wake: dereva, kilo sitini. Kisha akaanza kufungua mkanda.

"Mhandisi," mshonaji alisema, chuma amekificha mgongoni, "umekosea kuchora, mwili wako una kosa gani hata uunyime chakula? Mimi nina kilo hamsini na tano. Nifundishe usukani."