Saa Tisa ya Bi Vifungo

Dada yangu ni katibu muhtasi katika ofisi ya wakili, ghorofa ya kwanza, juu kidogo tu ya kiduka changu cha fotokopi. Jengo zima linamwita Mama Tarehe, na jina hilo amelipata kwa jasho lake. Muulize shauri la mtu yeyote limepangwa lini, atakujibu huku anafunga bahasha. Muulize mwisho wa kukata rufaa, atakutajia na karani atakayekuzungusha dirishani. Nyumbani ndiyo usiseme. Mume wangu alipochelewa kuleta posa, yeye ndiye aliyempigia simu kumkumbusha.

Ukiitazama kwa mbali, kazi yake ni ya kukaa kitini. Kwa karibu ni kazi ya roho mkononi. Hati iliyotakiwa kufika mahakamani jana, ukiipeleka leo inarudishwa, na mtu anapoteza nyumba hivihivi anaona. Kwa hiyo kila jioni dada alishika simu ya ofisi akawapigia wateja wa kesho, mmoja mmoja. "Kesho saa tatu asubuhi, mzee wangu. Uvae viatu vya kufunika, na usije na yule shemeji yako mwenye domo."

Ndipo mfumo ukaja. Wakili ana mkono wa birika, na vocha za simu zilikuwa zinamuuma kuliko jino. Akanunua programu ya kompyuta: unaingiza jina la mteja, tarehe na saa, yenyewe inamtumia ujumbe. Nisimsingizie wakili peke yake, dada naye aliupenda tangu siku ya kwanza. Alishinda nao mchana kutwa, akatunga maneno ya ujumbe mwenyewe, kwa Kiswahili cha heshima, kisha akashuka kunisomea: "Mpendwa mteja, unakumbushwa kufika kesho saa..." Hapo mfumo ulijaza wenyewe. Nikamwambia yamekaa vizuri.

Baada ya hapo wateja wakaanza kuvurugika. Fundi bomba mmoja aliyepangiwa kuonana na wakili saa nne asubuhi alitokea saa kumi jioni, ofisi inafagiliwa. Mama muuza nguo wa miadi ya saa mbili asubuhi akaja saa nane mchana, anahema, anaona amewahi. Dada aliwapa vidonge vyao. "Watu wetu bwana! Unawaandikia kabisa, na bado kila mtu anakuja anavyotaka." Nikamuunga mkono, maana wateja wangu mimi ni walewale. Wenyewe waliomba radhi. Kwenye ofisi ya wakili mtu huomba radhi kwanza, kujiuliza amekosa nini ni baadaye.

Kati ya wateja hao alikuwemo Bi Vifungo. Ni fundi cherehani, amekula chumvi nyingi, na hakuna siku utamkuta bila kifungo mfukoni. Binti yake alifariki akamwachia mjukuu wa kike, ambaye sasa yuko darasa la pili. Baba wa mtoto hakuwahi kumnunulia hata soksi. Ghafla akapata kazi mji wa mbali, akaoa, akakumbuka kwamba ana damu yake hapa. Bi Vifungo akafungua maombi mahakamani abaki na mjukuu wake. Alipewa amri ya muda, kwamba mtoto akae kwa bibi mpaka maombi yasikilizwe. Usikilizaji ukaahirishwa mara moja, kwa sababu Bi Vifungo alilazwa. Hakimu akasema safari ijayo ni ya mwisho, mwenye maombi aje mwenyewe ahojiwe, na asipofika maombi yanafutwa.

Dada alimpenda bibi huyo. Kila akija ofisini, mjukuu alikaa chini ya meza ya dada akichora nyuma ya karatasi zangu zilizoharibika.

Asubuhi ya siku yenyewe dada alishuka ngazi mbio, uso umemshuka. Wakili alikuwa amempigia kutoka mahakamani. Saa tatu imepita, karani ameshaita jina mara moja, upande wa pili wote wapo, mteja hayupo. Simu ya Bi Vifungo ilikuwa haipatikani.

"Funga duka," aliniambia. "Nisindikize. Peke yangu nitaanguka njiani."

Tulipanda pikipiki moja wote wawili. Nilifunga macho, dada akawa anambonyeza dereva begani kama kengele.

Tulimkuta Bi Vifungo ameketi kwenye kigoda nje ya chumba chake, mjukuu katikati ya magoti, anamsuka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha. Gauni jipya alilojishonea limetundikwa mlangoni, limenyooshwa vizuri.

"Karibuni wanangu! Mbona mapema hivi? Nilidhani mawakili wanatuma gari, kumbe mmeniletea pikipiki." Akacheka.

"Bibi, ulitakiwa mahakamani saa tatu!"

"Saa tatu ya nini? Si mliniandikia saa tisa?"

Simu yake ilikuwa inachajiwa kwa jirani, imezimwa ili ijae haraka. Jirani akaileta mwenyewe, anafuta mikono. "Mimi ndiye niliyemsomea," alisema. "Tena akaniuliza, saa tisa ya mchana au ya usiku? Nikamwambia, bibi, mahakama gani inakaa usiku, kwani umeshtakiana na wachawi?"

Dada akaipokea ile simu, akaiwasha, akasoma. Mpendwa mteja, unakumbushwa kufika kesho saa 9:00. Maneno yake mwenyewe. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia asubuhi. Dada kila siku aliigeuza saa tatu kuwa tisa ili mashine imwelewe, na hakukosea hata mara moja. Kwamba mteja naye ataisoma ile tisa kama tisa, hilo halikumjia. Wala mimi halikunijia, na nilisomewa kwa sauti.

"Fundi bomba," dada alisema taratibu. Nikaelewa. Nilitamani ardhi inimeze.

Simu ya dada ikalia. Alikuwa wakili, na sauti yake tuliisikia wote. Aliomba robo saa, hakimu amekataa. Maombi yamefutwa, na amri ya muda imekwenda nayo. Baba ana haki ya kumchukua mtoto leo.

"Mwambie hakimu ni kosa letu!" dada alisema. "Mwambie ni mimi! Nakuja niseme mwenyewe!"

"Ameshaingia kwenye shauri lingine. Nitapeleka ombi la kurejesha, lakini hilo halimzuii mtu leo."

Dada akamweleza Bi Vifungo. Mara ya kwanza alieleza vizuri, na mambo ya kompyuta yote. Bibi akamtazama. "Wamefuta vipi, na saa tisa haijafika?" Akaeleza tena, na safari hii akalia katikati. Jirani aliingia kwake na kufunga mlango. Bi Vifungo akarudi kwenye kichwa cha mtoto, akamalizia upande uliobaki, mistari imenyooka kuliko ile ya kwanza.

"Mimi nimeambiwa saa tisa," alisema. "Nitakwenda saa tisa."

Ungemzuia kwa mdomo gani? Tulikwenda naye. Wakili alikuwa amempigia dada tena, kwamba baba anataka anwani ya nyumba. Dada akamjibu kwamba bibi na mtoto wapo njiani kuja huko huko mahakamani. Alijua anachokifanya, na hakuwa na lingine la kufanya. Nikamshika mkono kama mtoto.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa umepoa. Mfagizi alikuwa anasogeza mabenchi, na mlango wa chumba cha hakimu una kufuli. Bi Vifungo akaketi, mkoba mapajani. Ndani yake kulikuwa na kadi ya kliniki, ripoti za shule na picha ya marehemu binti yake. Ilipofika saa tisa akasimama, akanyoosha gauni, akamshika mjukuu mkono, akaukabili ule mlango uliofungwa. Walisimama hivyo. Mfagizi akaacha kufagia. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na hakimu, na mashine, na huyo mfagizi asiye na kosa, na hasira yote haikuweza hata kufungua kufuli.

Baba akaja na wakili wake na karatasi ya mahakama. Hakufoka. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Bi Vifungo akajibu.

Mtoto akamvuta gauni. "Bibi, tumeshaitwa?"

"Umeitwa wewe," alisema bibi, akamkabidhi mkoba wenye kadi na ripoti. Picha aliitoa kwanza. Halafu akairudisha.

Ombi la kurejesha shauri lilipelekwa wiki hiyohiyo. Dada aliapa kiapo, akaandika kosa lote kwa jina lake, na fotokopi nilimtolea mimi. Halijapangiwa tarehe. Mfumo bado upo, ila saa sasa inaandikwa kwa maneno, na jioni dada anawapigia wateja wote kwa vocha anayonunua mwenyewe. Wakili anamwona na hamkatazi.

Kila Jumatatu Bi Vifungo anapiga simu. "Mama Tarehe, tumepata tarehe?"

"Bado, bibi."

"Haya mwanangu. Ikipatikana usiniandikie. Unitajie kwa mdomo."

"Nitakutajia, bibi."

Kisha dada anashuka dukani kwangu, anakaa karibu na mashine, anashika tama. Kichwani ana tarehe za watu wote wa mji huu, na ile moja hana.