Pikipiki Ndani ya Uzio

Sahani kubwa ya darubini ya redio ilikwisha kung'olewa, kikabaki kibanda cha mitambo kinachonuka vumbi na wino mkavu. Fundi, aliyestaafia hapo, aliitwa achague madaftari ya kuhifadhiwa. Alikuja na bintiye mkubwa, mwepesi wa ulimi kama babaye alivyo mzito.

"Ndiyo hapa ulikuwa unakuja kusikiliza nyota, Baba?"

"Kusikiliza hapana. Kutazama kalamu."

Enzi hizo kalamu ilichora mstari kwenye karatasi ndefu iliyojiviringisha polepole. Nyota moja ilikuwa imelipuka, zile ziitwazo nova. Iling'aa ghafla, kisha ikafifia ndani ya wiki chache. Lakini Daktari, mama mtafiti aliyekuwa mkuu wa kituo, alisema gesi iliyorushwa na mlipuko ingeendelea kutanuka, na mawimbi yake ya redio yangepanda taratibu baada ya macho kukata tamaa. Kila mchana, nyota ilipopita mbele ya sahani, walisubiri. Siku arobaini mstari ukalala kama uzi.

Sheria ya uzio ilikuwa moja: injini ya petroli haiingii. Cheche za plagi hupiga kelele za redio kuishinda nyota yoyote. Gari la kituo lilikuwa la dizeli, lisilo na plagi. Kila siku Fundi aliacha pikipiki yake barabara kuu, akamalizia kilomita mbili nzima kwa miguu.

Siku ya arobaini na moja mkewe alishikwa na uchungu. Alimfikisha hospitali, akarudi mbio kuomba ruhusa. Pikipiki ile ikizimwa haikuwaka mpaka isukumwe, na mlinzi alikuwa amekwenda kula. Akapita nayo langoni, akaiacha ikinguruma nyuma ya kibanda, akamngoja Daktari robo saa ofisini. Akaruhusiwa. Jioni akawa baba.

Kesho yake alimkuta Daktari anacheka peke yake. Kalamu ilikuwa imepanda jana, kilima kizuri kabisa. Barua ya kuwatangazia watafiti wenzake ilikuwa mezani, imefungwa, inangoja gari la posta la saa sita. Fundi akaitazama saa iliyoandikwa pembeni mwa kile kilima. Ilikuwa ile robo saa yake.

Hakuna aliyemwona. Kazini alikuwa na miezi minane tu, nyumbani mtoto wa siku moja. Wengi wangenyamaza, na wakajiita wenye busara. Yeye alisokota kofia mikononi hadi saa tano na nusu, na kuchelewa huko nako ni kosa. Mpaka leo hajitetei. Kisha akasema.

"Daktari, ile siyo nyota. Ni pikipiki yangu."

Daktari hakupaza sauti. Aliuliza saa, akailinganisha na karatasi, akaichana barua vipande vinne. Akamsukumia daftari.

"Andika. Kwa mkono wako, na sababu."

Adhabu ikawa mwezi mzima wa kufyeka nyasi za uzio kwa panga, na mafundi wenzake wakampachika jina: Nova.

Wiki tisa baadaye kalamu ilipanda tena, safari hii kidogo kidogo, siku baada ya siku. Daktari hakuandika neno. Aliagiza Nova aitwe kutoka karakana, akamwuliza mbele ya wote:

"Leo umekuja na nini?"

"Na miguu, Daktari."

"Basi ni nyota."

Ndipo akachukua karatasi ya barua.

Sasa, mle kibandani, bintiye alikuwa amelifungua daftari hilohilo. Alisoma ule mwandiko wa kujikaza: saa, injini ya petroli, dakika kumi na tano, mke amejifungua mtoto wa kike. Kidole chake kikasimama kwenye neno la mwisho.

"Kumbe nimo humu."

"Umo. Na kosa langu pia."

Fundi aliliweka daftari hilo kwenye boksi la kuhifadhiwa kabla ya mengine yote. Asubuhi binti alikuwa amenung'unika njia nzima, kwa nini gari lake liachwe barabara kuu wakati sahani yenyewe haipo. Wakati wa kurudi alitembea kilomita mbili zote kando ya babaye, wala hakuuliza tena kwa nini.