Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Niliondoka Nakuru Jumamosi alfajiri, na kilichonitoa ni sabuni. Enzi hizo, miaka ya hamsini, nilikuwa mhudumu wa hoteli, kazi yangu kuwapelekea Wazungu nyama na divai na kusugua glasi mpaka zing'are. Basi mke wangu Chebet alipoleta kutoka kwao kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, nilisubiri yaishe, nikachungulia ndani, nikaona weusi. Nikakiosha kwa maji moto na sabuni, nikijiona mume mwema kweli kweli. Kumbe ule weusi ni mkaa wa mti wa senetwet, ambao mama yake huusugua humo ili maziwa yapate ladha. Tena kibuyu chenyewe Chebet alipewa na mama yake siku tulipooana. Chebet hakupiga kelele. Alifunga mzigo akaenda kwao Keringet, akaniachia neno: "Mpelekee mama kibuyu wewe mwenyewe. Ukiogopa, usinifuate."

Niliomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda gari moshi, daraja la tatu, kibuyu mapajani. Sikubeba chakula. Niliamini nje ya hoteli yetu hakuna cha maana cha kula.

Kwenye stesheni ya Njoro, mama mmoja alinyoosha hindi la kuchoma dirishani. "Shika, baba. Hiyo uso ni ya njaa ama ya matanga?"

"Ya ukweni," nikasema.

"Basi chukua mbili!"

Nilikula yote mawili, na sikumbuki mlo wa hotelini ulionifurahisha vile.

Molo tulifika saa nne, baridi inauma masikio. Karibu na stesheni mzee mmoja alikuwa akichimbua viazi kwenye majivu na kuwauzia watu pamoja na supu ya kondoo, kwa senti chache tu. Mimi niliyejua majina ya mchuzi wa kila aina nililamba chumvi vidoleni bila haya. Hapo nikapata lori la kubeba maua ya pareto la kwenda Keringet. Kila lilipokata kona nilikikumbatia kibuyu, maana nilijua bila Chebet nyumba yangu ni kuta tu.

Saa tisa nilisimama mlangoni kwa wakwe. Chebet alikuwa nyuma ya mama yake, hanitazami.

"Mama, nimeharibu kibuyu chako," nikasema. "Nilidhani ni uchafu."

Mama mkwe alikifungua, akakinusa, akakunja uso. "Hii inanuka hospitali!" Kisha akaanza kucheka, akamwita mumewe. "Mzee, kuja unuse!"

Mzee alinusa, akapiga chafya. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kibuyu haijakufa," mama mkwe akasema. Akakisuuza mara kadhaa kwa maji matupu, akakianika juani. Kilipokauka akachomoa kijiti cha senetwet motoni, ncha yake ikiwa kaa jekundu, akanipa mimi. "Hii ni kazi ya wanawake. Lakini wewe si unapenda kuosha? Sugua."

Majirani walikuja kutazama. Nilisugua huku moshi ukinitoa machozi, mpaka sauti ikasema nyuma yangu: "Si hivyo. Zungusha polepole." Ilikuwa ya Chebet. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Nakuru.

Jioni ile mzee alinimiminia pombe ya asali katika kata. Ilikuwa kali kidogo, tamu, na harufu ya maua.

"Hii na ile ya Wazungu, gani tamu?" akauliza.

"Ile ya Wazungu, mzee, sijawahi kuketi nikainywa."

Akanijazia tena.

Jumatatu tulirudi wawili. Molo nilimwonyesha Chebet viazi vyangu vya majivu. Alikula vitano akaniuliza kwa nini miaka yote hiyo sikuwahi kumleta. Nikamwongezea kingine. Nilikuwa nimeishi karibu na utamu wote huu, utamu ambao mfuko wangu ungeumudu, na macho yangu yako kwenye sahani za wengine. Tena kosa langu lingezuiwa na swali moja tu kwa mke wangu.

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilisimama na chombo mkononi. "Chebet, hiki kinaoshwaje?"

"Hiyo ni sufuria tu, baba," akasema, na kicheko kikimtoka. "Osha!"