Mume wa Kadi Tisa

Agripina Kinunda hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa na shamba lake la kahawa mteremkoni, nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga mwenyewe baada ya mumewe kufariki, na ulimi ambao hata paroko aliuheshimu. Basi Mfuko wa Afya ya Jamii ulipopanda milima ya Mbinga, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa wakipishana na magari yao kama wana vita, na kijiji kikatakiwa kutoa mwandikishaji, watu walimtaja yeye bila kupiga kura. Nani mwingine angeweza kumwambia Mmatengo alipe leo ugonjwa wa mwakani?

Kazi ilikuwa ngumu, tusidanganyane. Wazee walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamwuliza kama huko si kuuita ugonjwa upige hodi. Walimu waliohamishiwa kutoka mikoa mingine walisema wao ni watu wa serikali na serikali itawatibu, wakakohoa wiki nzima, halafu wakaja kuulizia fomu kimyakimya. Mnyasa mmoja aliyehamia kutoka Liuli, huko ziwani, alitaka kuwaandikisha wavuvi wenzake wa mtumbwi mmoja kuwa familia yake, maana walikuwa wakila chungu kimoja. Agripina alimjibu kila mtu kwa lugha yake: Kimatengo kwa Mmatengo, Kinyasa cha kuchechemea kwa Mnyasa, na kwa walimu Kiswahili cha redioni. Wakaingia mmoja mmoja.

Kilichomkwamisha kilikuwa bango. Lilitoka wilayani, likabandikwa ukutani kwa Vitalis, mtendaji wa kijiji, mtu aliyeamini karatasi kuliko macho yake. Kwenye bango kulikuwa na familia ya mfano: baba amesimama kavaa koti, mama ameketi, watoto wanne mbele yao. Fomu nayo ilitaka jina la mkuu wa kaya na picha ya familia. Vitalis akaiangalia fomu, akaliangalia bango, akatoa hukumu: mkuu wa kaya ni mwanaume, na anapigwa picha na koti. Waliobisha aliwauliza kama wanajua kuliko wilaya.

Sasa wanaume wenyewe wako wapi? Nusu ya nyumba za upande wa mtoni zilikuwa hazina hata mmoja. Walikwenda Tunduru kutafuta madini, wakaahidi kurudi na bati na baiskeli, na hadi leo tunawasubiri. Wengine walikwenda kaburini, na hao angalau hawakuahidi kitu. Wanawake tisa walikuja kwa Agripina na mchango wao umefungwa kwenye pindo la khanga, na wote tisa Vitalis aliwarudisha wakatafute mkuu wa kaya.

Wa kwanza kati yao alikuwa Getrude, muuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, aliyeolewa huku milimani kutoka ziwani, kisha mume akaondoka akamwachia baridi. Binti yake Luisa, wa miaka sita, alikuwa na pumu. Kila Juni kifua cha yule mtoto kilipiga filimbi, na mwaka uliopita Getrude alirudishwa mara mbili kwenye dirisha la zahanati kwa sababu usipa ulikuwa haujauzika. Hakutaka mengine. Alitaka kadi kabla ya baridi.

Agripina alitukana kidogo, kwa Kimatengo ili malaika wasielewe, kisha akaenda kwa kaka yake.

Pankras alikuwa fundi viatu. Aliacha seminari kwa kuogopa kuhubiri, na hakuoa kwa woga uleule. Kijiji kizima kilimtania kwa hilo tangu akiwa na nywele nyeusi. Lakini alikuwa na koti, la mitumba, la kijivu, na kwa hali ilivyokuwa hilo lilitosha.

"Kaka, vaa koti," Agripina alimwambia. "Leo unaoa."

Bernadi mpiga picha alikuja na baiskeli yake kutoka mjini, akatundika shuka ukutani. Picha ya kwanza, na Getrude, Pankras alisimama pembeni kama mtu anayesubiri basi. Kufika ya nne alikuwa amejua kuweka mkono kwenye bega la mtoto. Kufika ya saba alikuwa akiuliza majina yao na wako darasa la ngapi. Baada ya ya tisa alikusanya viatu vyote vilivyochanika miguuni mwa watoto wale, akavishona bure, na mtu alipomwuliza akasema anatunza familia. Watu walicheka sana. Mimi nasema alifanya mengi kuliko wale wa Tunduru.

Na wale wanawake, wachokozi wakubwa, wakaanza kumwita Agripina wifi. Sokoni wifi, kisimani wifi, kanisani wakati wa kupeana amani, "Amani, wifi."

Vitalis akazigonga muhuri fomu zote tisa. Usiniambie hakumtambua Pankras. Kandambili alizovaa siku hiyo zilishonwa na Pankras. Lakini idadi ya kaya aliyopangiwa na wilaya kuandikisha ilikuwa inamkaba koo, na mtu anayekabwa haulizi maswali. Ila kadi zisingetolewa mpaka mkaguzi apite, na ilitangazwa kuwa kaya itakayokutwa na udanganyifu itafutwa.

Mkaguzi alikuja mwishoni mwa Juni, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Kwa kuwa mgeni wa serikali halali njaa, alipelekwa kwanza kula kwa Agripina. Akala kuku mzima kasoro shingo. Akasifu nyumba, akasifu kahawa iliyoanikwa uani, akasifu usafi wa choo, na akasema mwenye mji huu ni mtu wa maendeleo. Agripina akamnawisha mikono na kusema asante.

Ofisini Vitalis alizipanga fomu mezani. Mkaguzi akaziangalia picha moja moja, kisha akazisogeza zikae mstari mmoja. Koti lilelile mara tisa. Sura ileile mara tisa, kila mara imechangamka zaidi. Wale wanawake walisimama mlangoni, Getrude akiwa na Luisa mgongoni, na filimbi ya kifua cha mtoto ilisikika ofisi nzima. Agripina aliona kadi tisa zikienda na maji.

"Mzee, hawa wote ni wako?" mkaguzi aliuliza.

Pankras, mtu aliyeogopa kusoma somo kanisani, alimtazama Luisa.

"Ni wangu," akasema. "Wote."

Mkaguzi akafungua kitabu cha mwongozo, akalamba kidole, akapekua. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Mwongozo ulimtaka mkuu wa kaya awepo, na huyu alikuwepo. Idadi ya wake haikutajwa. Na wilaya, kusema kweli, nayo ilikuwa nyuma kwa idadi. Akasaini zote tisa, akampa Pankras mkono na pole. Getrude hakungoja hotuba. Alichukua kadi yake akaenda mbio zahanati, na safari hii dirisha halikumrudisha.

Hapo Agripina akatoa fomu ya kumi, ya kwake. Jina la mkuu wa kaya: Agripina Kinunda. Picha: yeye na wajukuu watatu, mbele ya nyumba ya matofali.

Mkaguzi akaigeuza huku na huku kutafuta koti. Akasema kwa upole kwamba hii haijakamilika, mama atafute mkuu wa kaya, hata ndugu.

"Bwana Mkaguzi," Agripina alisema, "mwanaume pekee aliyebaki kwetu nimezaliwa naye tumbo moja, na wewe umeshamwoza wake tisa. Huyo mtu wa maendeleo uliyekula kwake mchana ndiye mimi."

Vitalis aliinamisha kichwa. Mkaguzi alifungua tena mwongozo, akatafuta kwa muda mrefu na kwa nia njema kabisa. Mwanaume wa wake tisa alimpata. Mwanamke mwenye nyumba yake hakumwona popote. Basi akaandika juu ya fomu, kwa mkono uliokuwa bado unanukia kuku wa Agripina: "Imekataliwa. Kaya haina mkuu."